Mwalimu Nyerere na kliniki ya mama mjamzito

Je, unajua kliniki ya wajawazito ilifikaje vijijini?

Mwalimu Julius Nyerere alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922. Inasimuliwa kuwa siku hiyo mvua kubwa ilinyesha, ndipo akaitwa Kambarage, mzimu wa mvua wa Wazanaki. Mwaka 1949 alikwenda kusoma Edinburgh. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa imeanza, mwaka 1948, kuwatibu wananchi wote bila malipo ya papo kwa papo.

Aliiongoza nchi hadi 1985. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, serikali yake ilitilia mkazo zahanati na vituo vya afya vijijini, maana mama anayetokwa na damu hawezi kungoja safari ndefu. Mwaka 1974 ukaanza mpango wa huduma za mama na mtoto. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999.

Ukiwa Musoma, Bunda au Butiama, anza kliniki kabla mimba haijafikisha wiki 12. Ukitokwa na damu, ukiumwa sana kichwa au ukiona ukungu, usisubiri tarehe yako. Nenda mara moja, hata usiku.