Kakai Kilonzo Hastahili Kusahauliwa

Mataifa mengine yana daftari la nyimbo zao. Uingereza imekuwa ikichapisha orodha ya santuri zinazouzwa zaidi tangu mwaka wa 1952, na Marekani ina orodha yake ya nyimbo 100 katika jarida la Billboard tangu mwaka wa 1958. Mwanafunzi wa huko akitaka kujua babu yake alicheza wimbo gani katika juma fulani la mwaka wa 1978, hana haja ya kubahatisha. Hufungua kumbukumbu na kusoma.

Sisi hatukujaliwa daftari kama hilo. Katika Kenya ya miaka ya 1970, wimbo uliovuma ulijulikana kwa dalili nyingine. Ulisikika katika vipindi vya salamu vya redio ya taifa, Sauti ya Kenya. Uliwavuta wateja kwenye maduka ya santuri ya River Road jijini Nairobi. Ulipigwa katika baa za masoko tangu Mwingi hadi Kibwezi, na watoto wakauimba njiani wakienda kuteka maji. Kwa kuwa hakuna aliyehesabu, hakuna aliyeandika; na kwa kuwa hakuna aliyeandika, kijana wa leo wa Kitui au Makueni yumkini anaijua vyema bendi ya Boney M na nyimbo zake za 1978 kuliko mwimbaji aliyetawala sikio la wazazi wake katika miaka iyo hiyo. Mwimbaji huyo ni marehemu Kakai Kilonzo, na ni maisha yake ninayotaka kuyazungumzia leo, hasa kwa walimu na wanafunzi wetu.

Kakai Kilonzo alizaliwa mwaka wa 1954 katika eneo la Kilimambogo, wilayani Machakos kama mipaka ilivyokuwa wakati huo. Nchi ilikuwa chini ya sheria za hali ya hatari zilizotangazwa mwaka wa 1952, na uhuru ulipopatikana mwaka wa 1963 alikuwa mtoto wa takriban miaka tisa. Kilimambogo, mlima uitwao pia Ol Donyo Sabuk, uko katika mpaka wa Ukambani na nchi ya Wagikuyu, karibu na mji wa viwanda wa Thika. Maeneo hayo yalikuwa na mashamba makubwa ya katani na kahawa yaliyowakusanya vibarua wa makabila mbalimbali. Mahali kama hapo, mtu hana budi kuzungumza na jirani asiyejua lugha ya mama yake, na lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili. Ikiwa twataka kuelewa kwa nini mwimbaji wa Kikamba aliamua baadaye kuimba kwa Kiswahili, mojawapo ya majibu yamo katika jiografia ya kwao.

Chini ya mlima huo unapita Mto Athi. Maji yake huporomoka kwenye maanguko mashuhuri karibu na Kilimambogo, kisha mto huteremka ukiwa mpaka baina ya Makueni upande mmoja na Kitui upande wa pili, hupita nyika za Tsavo, ukabadilika jina kuwa Galana na hatimaye Sabaki, hadi kumwaga maji yake katika Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Nyimbo za Kakai zilifuata takriban njia hiyo. Zilianza kwao, zikaenea Ukambani kote, na kwa sababu ya lugha alizozitungia, zikawafikia Wakenya wasiojua hata neno moja la Kikamba.

Katikati ya miaka ya 1970 Kakai alikuwa kiongozi wa bendi iliyotwaa jina la nyumbani kwake, Kilimambogo Brothers, ambayo wengine waliijua kama Les Kilimambogo. Jina hilo lenyewe ni somo tosha la historia. Neno la kwanza ni la Kifaransa, na lilitokana na mtindo ulioletwa nchini na wanamuziki wa Kongo, mtindo uliotupatia pia majina kama Les Mangelepa na Les Wanyika. Neno la kati ni la Kiswahili, na la mwisho ni la Kiingereza. Wenye jina hilo walikuwa Wakamba. Vijana wa mashambani walikuwa wakitangaza kwamba nao walikuwa raia wa ulimwengu mpana, bila kuuficha mlima wa kwao.

Muziki wao ulikuwa benga. Mtindo huu ulichimbuka miongoni mwa Wajaluo wa Nyanza, ambako wapiga gita waliigiza mirindimo ya nyatiti kwa nyuzi za gita la kisasa. Kutoka Nyanza, benga ilisafiri hadi Mkoa wa Kati na Ukambani, na kila jamii iliifinyanga kwa mkono wake. Wakamba waliipa gita la sauti nyembamba ya juu, safi, inayomfuata mwimbaji hatua kwa hatua kana kwamba inazungumza naye, huku gita la besi likisukuma mdundo kwa chini. Santuri za wakati huo zilikuwa ndogo, za inchi 7, zenye kuzunguka mara 45 kwa dakika. Aghalabu wimbo mmoja uligawanywa pande mbili. Upande wa kwanza msikilizaji alipewa kisa, na upande wa pili aliachiwa magita ili acheze. Mtunzi hakuwa na nafasi ya kupoteza neno. Alihitaji kueleza habari yake katika dakika chache, na aieleze ikakaa kichwani.

Kakai hakuwa peke yake uwanjani. Peter Mwambi na bendi ya Kyanganga Boys walikuwa na muziki wa nguvu. Onesmus Musyoki aliongoza Kalambya Boys, na dada zao wa Kalambya Sisters walitamba katika miaka ya 1980 kwa wimbo wa Katelina, uliofika hadi Ulaya. Bendi hizi tatu ndizo zilizoshika usukani wa muziki wa Ukambani kwa zaidi ya mwongo mmoja. Lakini kati ya viongozi wake, ni Kakai aliyetambua mapema kwamba lugha ni mlango. Aliendelea kuimba Kikamba, lugha iliyomlea, ila nyimbo kama Mama Sofi zilimpa wasikilizaji nchini kote.

Uamuzi huo ulikuwa na hesabu ndani yake. Sauti ya Kenya, ambayo mwaka wa 1989 iligeuka kuwa Shirika la Utangazaji la Kenya, ndiyo iliyokuwa redio ya pekee nchini. Lugha za kienyeji zilitengewa saa chache. Idhaa ya Taifa ilitangaza kwa Kiswahili, nayo ilisikika kila mahali. Mtunzi aliyeimba kwa Kikamba pekee aligonga mlango uliofunguliwa kwa muda mfupi tu, ilhali aliyeimba kwa Kiswahili aliweza kuingia sebuleni mwa Mkenya yeyote mwenye redio. Hata hivyo, mashindano yalikuwa makali. Nyimbo za Kongo, za Tanzania, za Ulaya na za Marekani ziligombea dakika zizo hizo. Mwaka wa 1980 wakuu wa redio walijaribu kuamuru kwamba asilimia 75 ya muziki unaopigwa uwe wa Kenya, lakini agizo hilo halikudumu. Waliosalia hewani baada ya hapo walisalia kwa sababu wasikilizaji waliwataka.

Zaidi ya hesabu hiyo palikuwa na jambo kubwa zaidi. Mambo aliyoyagusa Kakai yalikuwa ya nyumbani: mapenzi, ndoa, pesa na tabia za watu. Haya si mambo ya kabila moja. Mume aliyeghafilika yuko Wote na yuko Kakamega. Kwa kuyaimba mambo hayo katika lugha ya wote, Kakai alifanya kazi ambayo wanasiasa wengi wa enzi hiyo waliizungumzia majukwaani bila kuifanya. Aliwafanya watu wa sehemu mbalimbali wacheke kisa kimoja na wajione katika kioo kimoja.

Kakai Kilonzo alifariki mwaka wa 1987, akiwa na umri wa miaka 33 hivi. Katika umri huo watu wengi ndio kwanza wanaanza kujenga maisha yao, na yeye alikuwa amemaliza kazi iliyomwezesha kukumbukwa. Aliondoka wakati muziki wenyewe ulikuwa unabadilika. Kanda zilikuwa zimeanza kuifukuza santuri sokoni, na pamoja na kanda walikuja wezi wa kunakili, waliouza jasho la wengine vibandani bila kuwalipa hata senti. Sheria ya hakimiliki ilikuwako tangu mwaka wa 1966, na chama cha kukusanya mirabaha kiliundwa mwaka wa 1983, lakini kwa wanamuziki wengi wa kizazi hicho sheria ilibaki karatasini. Wengi walilipwa mara moja tu, siku ya kurekodi, na wimbo ukawa mali ya mwingine. Baada ya Kakai kufariki, wazalishaji wa Ulaya walitoa mikusanyo ya nyimbo za Kilimambogo Brothers. Leo mtafiti aliye ng'ambo aweza kuzipata kwa urahisi kuliko mwalimu aliye Ikutha au Nunguni. Hili ni jambo la kusikitisha.

Kuna hoja mbili ambazo huenda msomaji akazitoa dhidi yangu, na sina budi kuzijibu.

Hoja ya kwanza ni kwamba aliyeimba kwa Kiswahili aliitupa lugha ya mama. Nasema sivyo. Kakai aliimba lugha zote mbili, na gita lake liliendelea kuwa la Kikamba hata maneno yalipokuwa ya Kiswahili. Tangu miaka ya 2000, vituo vya redio vya Kikamba vimechipuka, na waimbaji wa Kitui na Makueni wamepata uwanja ambao Kakai hakuuota. Hiyo ni neema, na Kikamba kimestawi kwayo. Lakini kila neema ina gharama yake. Siku hizi mwimbaji aweza kuwa nyota na kupata riziki bila sauti yake kuvuka mpaka wa Ukambani, na jirani yake wa Embu au Taita asijue kwamba yuko. Je, hatuwezi kuwa na yote mawili, kama alivyokuwa nayo yeye?

Hoja ya pili huletwa na walimu wenzangu wa Kiswahili. Wao husema kwamba Kiswahili cha nyimbo hizi za bara si sanifu, na kwamba kitawaharibu wanafunzi. Ni kweli kwamba mtahini hatampa mwanafunzi alama kwa kuvuruga upatanisho wa kisarufi. Lakini wanafunzi hao hao tunawafundisha isimujamii, na tunawataka waeleze sajili mbalimbali na jinsi lugha inavyobadilika mdomoni mwa wazungumzaji. Nyimbo za aina hii ni ushahidi hai. Tunawafundisha pia fasihi simulizi, tukawatajia hodiya, bembelezi na nyiso, kisha tunafunga kitabu kana kwamba Mkenya aliacha kuimba alipoleta gita nyumbani. Wimbo wa santuri una mtunzi, hadhira, muktadha na ujumbe. Una urudiaji, taswira na kejeli. Ni sifa gani ya wimbo inayokosekana hapo?

Basi ombi langu kwa walimu wa Kitui na Makueni ni dogo, tena halihitaji fedha za wizara. Wapeni wanafunzi kazi ya likizo. Waende kwa nyanya na babu, waulize ni santuri zipi zilizokuwamo nyumbani, na ikiwa bado zimo kwenye sanduku chini ya kitanda, wanakili yaliyoandikwa kwenye kibandiko cha kati: jina la mwimbaji, la bendi, la wimbo na la kampuni. Wamwombe mzee aeleze alikokuwa alipousikia wimbo huo kwa mara ya kwanza, waliokuwapo na walichokisema. Kisha wayaandike maneno ya wimbo, na ikiwa ni wa Kikamba, waufafanue kwa Kiswahili sanifu. Kazi hiyo itawafunza kusikiliza, kuandika, kufasiri na kuheshimu jasho la mtunzi. Shule ikihifadhi madaftari hayo katika maktaba yake, baada ya miaka michache tutakuwa na daftari la nyimbo ambalo hatukuwa nalo.

Muda haututoshi. Aliyekuwa na umri wa miaka 20 wakati Kilimambogo Brothers walipoanza kutamba sasa amepita miaka 65. Santuri hukwaruzika, kanda huota ukungu, na kumbukumbu ya mzee hufifia. Mwacha mila ni mtumwa, walinena wahenga, na mila si ngoma za zamani za kale peke yake. Wimbo uliowachezesha wazazi wetu mwaka wa 1978 nao umekwisha kuwa mila, na Kakai Kilonzo ni mmoja wa walioijenga.