Edsger Dijkstra: Mholanzi aliyezifundisha kompyuta kupishana

Katika mtaa wa Mayfair, magharibi mwa katikati ya jiji la Johannesburg nchini Afrika Kusini, wahamiaji kutoka Somalia, Ethiopia na nchi nyingine za Afrika Mashariki hutuma fedha nyumbani kwa kubonyeza simu. Ni wachache miongoni mwao waliopata kulisikia jina la Edsger Wybe Dijkstra, mtaalamu wa Uholanzi aliyefariki dunia mwaka 2002. Hata hivyo, fedha hizo zinapofika zikiwa kamili, sehemu ya shukrani ni yake.

Dijkstra alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kutafakari jambo moja: kazi nyingi za kompyuta zitawezaje kutumia kitu kimoja kwa pamoja bila kukiharibu, na bila kupoteza muda mwingi zikingojeana?

Fedha kupotea bila mwizi

Tuchukue mfano wa ndugu wawili wafanyabiashara wa Mayfair, ambao kwa nukta ile ile wanamtumia fedha mama yao aliyeko Mombasa. Akaunti ya mama ina shilingi 1,000. Ndugu mmoja anatuma shilingi 5,000 na mwingine 7,000. Ndani ya kompyuta inayotunza akaunti hiyo, kazi mbili zinaanza sambamba.

Kazi ya kwanza inasoma salio na kukuta 1,000. Kabla haijaandika salio jipya, kazi ya pili nayo inasoma na kukuta 1,000 ile ile. Ya kwanza inaandika 6,000, kisha ya pili inaandika 8,000 juu yake. Mama anabaki na shilingi 8,000 badala ya 13,000. Shilingi 5,000 zimetoweka, na hapana mwizi wala karani mzembe wa kulaumiwa.

Kosa la namna hii lina ubaya mwingine: halitokei kila siku. Programu inaweza kujaribiwa mara elfu moja ikafaulu, kisha ikakosea siku ambayo kazi mbili zinakutana katika nukta mbaya. Dawa yake ni kufuli: kazi inayotaka kubadilisha salio hulifunga kwanza, hufanya hesabu yake, kisha hulifungua ili nyingine ipite.

Kazi isiyokuwa na jina

Dijkstra alizaliwa tarehe 11 Mei mwaka 1930 mjini Rotterdam. Baba yake alikuwa mkemia na mwalimu, na mama yake alikuwa mwanahisabati. Alipomaliza shule alifikiria kusomea sheria, akitumaini kuiwakilisha nchi yake katika Umoja wa Mataifa, lakini hatimaye alijiunga na Chuo Kikuu cha Leiden kusoma hisabati na fizikia.

Mwaka 1951 alihudhuria mafunzo ya wiki 3 ya kuandika programu huko Cambridge, Uingereza. Mwezi Machi mwaka uliofuata aliajiriwa na Kituo cha Hisabati cha Amsterdam, akawa Mholanzi wa kwanza kulipwa mshahara kwa kazi ya kuandika programu za kompyuta.

Kazi hiyo haikuwa na heshima, wala serikali haikuitambua. Mwaka 1957, alipomwoa Maria Debets, alitakiwa kutaja kazi yake kwa ajili ya hati ya ndoa. Aliposema kwamba yeye ni mwandishi wa programu, wakuu wa mji wa Amsterdam walikataa kwa hoja kwamba kazi kama hiyo haipo. Hati ikamtaja kuwa mwanafizikia.

Wakati huo alikuwa tayari amekwisha kufanya jambo ambalo lingetosha kumpa sifa. Mwaka 1956, akiwa ameketi na mchumba wake kwenye mkahawa mjini Amsterdam, alibuni kwa dakika 20 hivi, bila kalamu wala karatasi, njia ya kutafuta barabara fupi kuliko zote kati ya miji miwili. Alichapisha njia hiyo mwaka 1959, na hadi leo ni miongoni mwa misingi ya programu za ramani.

Hofu ya kukatizwa

Wahandisi wa Kituo cha Hisabati walikuwa wakiunda kompyuta iliyoitwa X1. Mashine hiyo ingeweza kukatizwa katikati ya kazi ili kushughulikia jambo jingine, kisha ikarudi pale ilipoachia. Dijkstra aliingiwa na hofu. Aliona kwamba programu isiyojua itakatizwa wapi haiwezi kuthibitishwa kwa kujaribiwa peke yake, kwani kosa lake haliwezi kurudiwa kwa makusudi. Alisita kwa muda kabla ya kuukubali mpango huo, kisha akaufanya mada ya shahada yake ya udaktari mwaka 1959.

Kutokana na hofu hiyo lilizaliwa swali alilowauliza wenzake: kazi ambazo hazijui kasi ya nyingine zitahakikishaje kwamba ni moja tu inayogusa daftari la pamoja kwa wakati mmoja? Theodorus Dekker, mwanahisabati mwenzake, alipata jibu kwa kazi mbili. Mwaka 1965 Dijkstra alichapisha jibu kwa idadi yoyote ya kazi, pamoja na uthibitisho wa kihisabati.

Jibu hilo lilikuwa na upungufu. Mwaka 1966 Donald Knuth wa Marekani alionyesha kwamba kazi moja ingeweza kupitwa na wenzake daima bila kupata zamu. Mwaka 1974 Leslie Lamport, pia wa Marekani, alipendekeza kila kazi ichukue namba, kama wateja wanaosubiri zamu katika duka la mikate.

Mngojaji alazwe

Upungufu mwingine ulikuwa wa gharama. Kazi iliyokuta kufuli limefungwa ilibidi iulize tena na tena, mfano wa mgeni anayebisha hodi mfululizo. Kompyuta ilitumia nguvu zake kuuliza tu, bila kuzalisha kitu.

Dijkstra, ambaye mwaka 1962 alikuwa profesa wa hisabati mjini Eindhoven, alitoa ufumbuzi aliouita semafori, jina la nguzo ya ishara inayosimamisha treni mpaka njia iwe wazi. Semafori ni namba tu inayohesabu nafasi zilizo wazi. Anayeingia huipunguza na anayetoka huiongeza. Ikiwa hapana nafasi, kazi hulazwa kwenye foleni na kompyuta hushughulikia nyingine, mpaka anayetoka amwamshe aliyelala.

Yeye na kundi dogo la wenzake waliitumia semafori kujenga mfumo endeshi wa kompyuta ya chuo chao, na mwaka 1968 alichapisha maelezo ya mfumo huo. Kazi hiyo ilipokwisha alipatwa na unyong'onyevu mkubwa wa moyo, na uandishi wa makala kuhusu mpangilio bora wa programu ukawa sehemu ya tiba yake.

Kufuli lipi?

Mifumo ya leo ina makufuli ya aina nyingi, na kuchagua lisilofaa kuna gharama yake. Kumlaza mngojaji na kumwamsha huchukua muda. Kwa hiyo, pale penye prosesa kadhaa na kufuli linaloshikwa kwa kitambo kifupi mno, kubisha hodi mfululizo kunaweza kuwa nafuu. Kufuli likishikwa kwa muda mrefu, kulala ndiko bora. Pale wengi wanaposoma na wachache wanaandika, hutumika kufuli linaloruhusu wasomaji wengi kwa pamoja lakini mwandishi mmoja tu.

Upo pia uamuzi kati ya kufuli moja kubwa na mengi madogo. Mfumo endeshi wa Linux ulipoanza mwaka 1996 kutumia prosesa zaidi ya moja, ulikuwa na kufuli moja kuu, sawa na kufunga soko zima kwa sababu ya mteja wa kibanda kimoja. Iliwachukua watunzaji wake hadi mwaka 2011 kuliondoa kabisa.

Makufuli mengi nayo huleta hatari ya mkwamo. Dijkstra aliieleza hatari hiyo kwa fumbo la kompyuta 5 zinazogombea vifaa 5, ambalo baadaye Tony Hoare wa Uingereza aliligeuza kuwa la wanafalsafa 5 mezani wenye uma 5. Kila mmoja anahitaji uma mbili ili ale. Wote wakichukua ya kushoto kwa pamoja, kila mmoja atamngoja jirani yake, na wote watashinda na njaa.

Mambo haya yamegharimu maisha ya watu. Kati ya mwaka 1985 na 1987, mashine ya tiba ya mionzi iitwayo Therac-25, iliyotumika Marekani na Canada, iliwapiga wagonjwa 6 kwa mionzi iliyopita kiasi, na baadhi yao wakafa. Miongoni mwa visababishi ilikuwa kazi mbili za programu zilizogusa taarifa zile zile bila kupishana vyema. Mwaka 1997 chombo cha Pathfinder kilichotua katika sayari ya Mars kilijizima na kujiwasha mara kwa mara, kwa kuwa kazi isiyo ya haraka ilishikilia kufuli lililohitajiwa na kazi ya dharura. Wahandisi walibadilisha tabia ya kufuli hilo wakiwa duniani, na chombo kikatulia.

Kalamu ya wino

Mwaka 1972 Dijkstra alipewa tuzo ya Turing, iliyo ya juu kabisa katika taaluma ya kompyuta. Mwaka uliofuata alikuwa mtafiti wa kampuni ya Burroughs, akifanya kazi zaidi nyumbani kwake Nuenen, na mwaka 1984 alihamia Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, Marekani, alikofundisha hadi mwaka 1999.

Alikuwa na ulimi mkali, na wapo walioudhiwa na namna alivyokosoa kazi za wengine. Jambo la ajabu ni kwamba kwa miaka mingi hakutaka kuwa na kompyuta yake mwenyewe. Aliandika kwa kalamu ya wino makala zaidi ya 1,300, akawatumia wenzake nakala, nao wakazisambaza kote duniani. Aliamini kwamba kujaribu programu huweza kufichua makosa, lakini hakuwezi kuthibitisha kwamba hayapo.

Alifariki dunia kwa maradhi ya saratani nyumbani kwake Nuenen tarehe 6 Agosti mwaka 2002, akiwa na umri wa miaka 72. Aliacha mjane na watoto watatu. Mwaka 2003, tuzo ya kila mwaka kwa watafiti wa kompyuta zinazofanya kazi kwa ushirikiano ilipewa jina lake.