Al-Biruni: Aliyeilaza Dunia Juu ya Karatasi



Vijana wetu wengi hucheza mpira wa kwenye simu. Mpira ule huzunguka, na mabaka yake huzunguka nao. Asili ya mabaka hayo ni picha bapa iliyovishwa umbo la mviringo kwa hesabu za jometri. Hesabu za aina hiyo zilimshughulisha mwanachuoni wa Kiislamu, Abu Rayhan al-Biruni, zaidi ya miaka 1000 iliyopita.

Alizaliwa mwaka 973 (362 Hijria) huko Khwarazm, katika Uzbekistan ya leo. Alisoma hisabati kwa Abu Nasr Mansur. Akiwa na miaka 17 alipima kimo cha jua, akaijua latitudo ya mji wa Kath. Kisha akatengeneza nusu tufe lenye kipenyo cha dhiraa 10, ili aipange miji juu yake.

Mwaka 995 vita vikazuka, akaikimbia nchi yake. Sisi wa Ngara na Biharamulo, tuliowapokea wakimbizi wa Rwanda mwaka 1994, tunajua mtu akikimbia huacha nini nyuma. Lakini elimu yake alikwenda nayo.

Aliandika kitabu juu ya njia za kulilaza tufe kwenye bapa. Ugumu wa kazi hiyo tunaweza kuuona nyumbani. Menya chungwa, kisha ulibane ganda lake mezani: litapasuka. Karatasi nayo, ukiivingirisha kwenye chungwa, itakunjamana. Njia ni kuipa kila nukta namba mbili, longitudo na latitudo, kisha kuweka kanuni ya kuonyesha nukta hiyo ikae wapi kwenye karatasi. Kanuni moja huhifadhi umbo, nyingine masafa. Hakuna inayohifadhi yote. Watengenezaji wa michezo nao huipa kila nukta ya umbo nukta yake katika picha.

Kwa al-Biruni jambo hili lilihusu ibada. Mwaka 1025, akiwa Ghazni katika Afghanistan ya leo, alikamilisha kitabu cha kupima mahali pa miji, na humo akakokotoa Kibla cha Ghazni. Ramani bapa huweza kumpoteza mtu. Kwa aliye New York, ramani ya ukutani huonyesha Makka iko kusini mashariki, lakini njia fupi juu ya tufe huanzia kaskazini mashariki. Kwetu tofauti hiyo ni ndogo: Kibla chetu ni kaskazini, kikiegemea mashariki kwa takriban digrii 20. Anayegeuka hadi katikati ya kaskazini na mashariki amezidisha.

Al-Biruni alifariki Ghazni takriban mwaka 1048. Mwenyezi Mungu amrehemu. Basi mwanafunzi, ukishika bikari na rula shuleni asubuhi, usidhani umeiacha dini madrasani.