Mzee wa Kaptula

Ndugu msomaji, Ramadhan hii huenda babu yako hapo nyumbani, iwe Kericho mjini au kwenye mashamba ya majani chai kule Bomet, anatamani kujifunza kusoma Qur'ani lakini anaona haya kukaa na watoto wa madrasa. Hebu msimulie habari za Mzee Kimani Maruge.

Mzee huyu alikuwa mpiganaji wa Mau Mau, shule hakuiona. Serikali ilipofuta karo ya shule za msingi mwaka 2003, hakudhani tangazo ni la watoto peke yao. Januari 2004 akaingia darasa la kwanza Kapkenduiywo, Eldoret, akiwa na miaka 84. Si mchezo! Tena kwa yunifomu kamili, kaptula na soksi ndefu, na wajukuu zake wawili wako shule hiyo hiyo. Hakuwa Muislamu, lakini sababu yake utaielewa: alitaka kujisomea mwenyewe kitabu cha dini yake, asitegemee tu maneno ya wahubiri.

Septemba 2005 akapanda ndege mara ya kwanza, hadi New York, kutetea elimu ya bure.

Halafu zikaja zile ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, ambazo hata huku kwetu tunazikumbuka. Akajikuta anaishi kwenye hema, na bado anatembea kama kilomita 4 kwenda darasani. Mwaka 2008 alihamia makao ya wazee Nairobi, akatafuta shule ya karibu, akaanza darasa la sita. Saratani ya tumbo ilimchukua Agosti 2009, KCPE hajaifanya.