Marian Anderson: Sauti Moja, Nafsi ya Wingi

Wanafunzi wa fasihi simulizi hufundishwa mapema kwamba utendaji huishi mara moja tu. Fanani akishanyamaza na hadhira ikishatawanyika, kinachobaki ni kumbukumbu, na kumbukumbu ina desturi ya kuchagua. Shaaban Robert alitumia kalamu kumhifadhi Siti binti Saad. Kwingineko duniani, kazi kama hiyo ilifanywa pia na kamera. Filamu za hali halisi, yaani zile zinazoonyesha watu na matukio ya kweli badala ya visa vya kubuni, zimewahifadhi waimbaji na wapigaji ala wengi wa muziki wa kiklasiki wa Ulaya na Marekani. Mmoja wao ni Marian Anderson, Mmarekani mweusi ambaye dakika chache za filamu zilizopigwa mwaka 1939 zilimfanya kuwa alama ya taifa zima. Maisha yake yanastahili kusimuliwa kwa sababu filamu hizo zinasema kweli, lakini hazisemi kweli yote.

Malezi

Marian Anderson alizaliwa tarehe 27 Februari 1897 mjini Philadelphia, katika jimbo la Pennsylvania, akiwa kifungua mimba wa familia iliyojaliwa mabinti watatu. Baba yake, John, aliuza barafu na makaa. Mama yake, Anna, alikuwa amefundisha shule katika jimbo la Virginia kabla ya kuolewa, lakini Philadelphia hakuweza kuendelea na kazi hiyo. Alipofika umri wa miaka sita, Marian aliingia katika kwaya ya watoto ya kanisa la Union Baptist. Hapo ndipo waumini walipotambua kwamba mtoto huyu hakuwa na sauti ya kawaida. Aliweza kuimba sehemu za juu za wimbo, kisha akashuka hadi zile ambazo kwa desturi huachiwa wanaume. Ukubwani sauti yake ilikuja kuitwa kontralto, yaani sauti ya chini kabisa ya kike.

Marian alipokuwa na umri wa miaka 12, baba yake alifariki baada ya kuumia kichwani kazini. Mjane akabaki na watoto watatu, akawalea kwa kufua nguo za watu na kusugua sakafu za duka kubwa mjini. Mafunzo ya muziki yalikuwa anasa ambayo familia hiyo isingeweza kuigharimia. Haba na haba hujaza kibaba: waumini wa kanisa walichanga sarafu zao ili binti wao apate mwalimu. Hata hivyo, alipokwenda kuomba nafasi katika chuo kimoja cha muziki mjini humo, alifukuzwa mlangoni kwa sababu ya rangi yake. Alisoma basi kwa walimu wa binafsi, na aliyemfaa kuliko wote alikuwa Giuseppe Boghetti, aliyemfundisha namna ya kutawala pumzi na kumfungulia hazina ya nyimbo za Kiitaliano na Kijerumani.

Kuanguka na kuinuka

Si kila kushindwa kwake kulitokana na ubaguzi. Mwaka 1924 alikodiwa ukumbi wa Town Hall jijini New York. Watu waliohudhuria walikuwa wachache, na wahakiki walimkosoa, hasa kwa jinsi alivyoimba nyimbo za Kijerumani. Lawama hizo zilimchoma kwa kuwa zilikuwa na ukweli ndani yake: alikuwa ameyakariri maneno ya lugha asiyoimiliki. Akavunjika moyo, akaacha kuimba hadharani kwa muda. Mwaka 1925 aliwashinda washindani wapatao 300 na kupata nafasi ya kuimba pamoja na okestra ya New York Philharmonic. Ushindi huo ulimpa heshima, lakini haukumfungulia milango ya kumbi kubwa za nchi yake.

Aliamua kuyafuata maarifa yalikokuwa. Mwaka 1930 alikwenda Berlin kwa ufadhili wa mfuko wa Julius Rosenwald, akajifunza Kijerumani kati ya wenyewe. Kutoka hapo alizuru nchi za Skandinavia, ambako alipokelewa kwa shangwe. Mpiga piano Mfini, Kosti Vehanen, alifuatana naye kwa miaka mingi na kumfikisha nyumbani kwa mtunzi Jean Sibelius, ambaye alimtunukia mojawapo ya nyimbo zake. Mwaka 1935, mjini Salzburg nchini Austria, kiongozi wa okestra Arturo Toscanini alimsikia, akatamka kwamba sauti ya namna ile husikika mara moja katika miaka mia.

Tarehe 30 Desemba mwaka huohuo alirejea katika ukumbi uleule wa Town Hall uliomwaibisha. Alikuwa amevunjika mguu safarini melini, na bandeji ngumu ya plasta ilifichwa chini ya gauni refu. Pazia lilipofunguliwa alikuwa amekwisha kusimama kando ya piano. Hadhira haikujua lolote. Safari hii wahakiki walimsifu bila kubakisha.

Jumapili ya Pasaka, 1939

Umaarufu haukumkinga na madhila. Mwaka 1937, baada ya hoteli ya mji wa Princeton kumnyima chumba, mwanasayansi Albert Einstein alimkaribisha nyumbani kwake. Kisha likaja tukio lililobadilisha maisha yake. Chuo Kikuu cha Howard, cha Wamarekani weusi mjini Washington, kilizoea kumwalika kila mwaka. Kwa onyesho la mwaka 1939 kilitafuta ukumbi mkubwa zaidi, nao ulikuwa Constitution Hall, wenye nafasi ya watu takriban 4,000. Ukumbi huo ulimilikiwa na chama cha wanawake waliojiita Mabinti wa Mapinduzi ya Marekani, na mikataba yake iliwaruhusu wasanii weupe pekee. Ombi likakataliwa. Bodi ya shule ya mji nayo ikakataa kutoa ukumbi wa shule ya upili ya wazungu.

Mwezi Februari Eleanor Roosevelt, mke wa rais wa nchi, alijiuzulu uanachama wa chama hicho, na suala la ukumbi likawa suala la taifa. Walter White wa chama cha kutetea haki za watu weusi, NAACP, pamoja na meneja wa Anderson, Sol Hurok, walitafuta mahali pengine. Waziri wa Mambo ya Ndani, Harold Ickes, akaridhia onyesho lifanyike nje, kwenye ngazi za jengo la kumbukumbu ya Abraham Lincoln, rais aliyetangaza ukombozi wa watumwa.

Anderson mwenyewe alisitasita. Hakuwa mtu wa majukwaa ya siasa, na usiku wa kuamkia siku hiyo alimpigia Hurok simu kuuliza kama ilikuwa lazima aimbe. Jioni ya tarehe 9 Aprili 1939, Jumapili ya Pasaka, alitoka akiwa amevaa koti la manyoya kujikinga na baridi. Mbele yake walisimama watu wapatao 75,000, weusi kwa weupe, na mamilioni wengine walisikiliza redioni. Alianza na wimbo wa kizalendo wa nchi yake, kisha akaimba kipande cha opera ya Donizetti na wimbo wa Schubert wa kumsifu Bikira Maria. Baada ya mapumziko mafupi alifuatisha nyimbo za kiroho za Wamarekani weusi, zilizorithiwa kutoka enzi za utumwa.

Katika wimbo wa kwanza alifanya badiliko dogo ambalo mwanaisimu hawezi kulipuuza. Pale ambapo mshairi alitumia nafsi ya kwanza umoja, Anderson aliimba nafsi ya kwanza wingi. Neno moja likahama kutoka kwa mtu hadi kwa watu. Kwa badiliko hilo, mwimbaji aliyefungiwa ukumbi aliimba kwa niaba ya wote waliofungiwa. Hakutoa hotuba wala hakumtaja aliyemkosea.

Wapiga filamu za habari walikuwepo. Filamu yao inamwonyesha akiwa amefumba macho, maikrofoni zimepangwa mbele yake, na sanamu ya Lincoln iko nyuma yake. Ni sehemu ndogo tu ya onyesho, lakini ilitosha. Mwaka 2001 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza katika orodha ya kitaifa ya filamu za kuhifadhiwa daima. Hata hivyo, dakika hizo ziliacha mengi nje. Haziwezi kuonyesha hofu ya usiku uliotangulia, wala miaka aliyotumia kuisaka lahaja sahihi ya Kijerumani. Tangu siku hiyo watu wengi walimwona kama ishara kabla hawajamsikia kama msanii.

Kuta zilizobaki

Kuta nyingine zilihitaji muda. Tarehe 7 Januari 1943 aliimba ndani ya Constitution Hall, mbele ya hadhira isiyotenganishwa kwa rangi. Mwaka huohuo aliolewa na Orpheus Fisher, msanifu wa majengo, wakaishi shambani karibu na Danbury, Connecticut. Katika majimbo ya kusini alikuwa amekubali kwa miaka mingi kuwaimbia watu waliotengwa, mradi weusi wapewe viti kuanzia mbele hadi nyuma badala ya kusukumwa pembeni. Walikuwepo watetezi wa haki waliomlaumu kwa upole huo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 aliacha kabisa kuimba panapotenganishwa watu.

Tarehe 7 Januari 1955 alikuwa mwimbaji mweusi wa kwanza kushika nafasi ya mwimbaji pekee katika Metropolitan Opera ya New York. Aliigiza kama mpiga ramli Ulrica katika opera ya Verdi. Hadhira ilimshangilia kabla hajafungua kinywa. Alikuwa na umri wa karibu miaka 58, na sauti yake ilikuwa imepita kilele chake. Mlango ulifunguliwa, lakini ulifunguliwa jioni. Waliofaidika zaidi ni waliomfuata, kama Leontyne Price aliyeanza kuimba katika jumba hilo mwaka 1961.

Kamera ya pili

Mwaka 1957 serikali ya Marekani ilimtuma katika ziara ndefu barani Asia. Mtangazaji Edward R. Murrow na watu wake wa televisheni ya CBS walifuatana naye, na tarehe 30 Desemba walirusha filamu ya hali halisi iliyoonyesha safari hiyo. Hapa kamera ilimpa nafasi ya kusema na si kuimba tu. Wakati huohuo, katika mji wa Little Rock, jimbo la Arkansas, Gavana Orval Faubus alikuwa amewazuia wanafunzi tisa weusi kuingia katika shule ya wazungu. Anderson aliulizwa kama angekubali kumwimbia gavana huyo. Alijibu kwa utulivu kwamba angeimba, iwapo kufanya hivyo kungesaidia. Wako walioona katika jibu hilo hekima, na wako walioona unyenyekevu uliozidi. Serikali nayo iliona faida: mwimbaji mweusi aliyeheshimiwa alikuwa jibu zuri kwa mataifa yaliyokuwa yakiilaumu Marekani kwa ubaguzi.

Mwaka 1958 aliteuliwa kuwa mjumbe wa nchi yake katika Umoja wa Mataifa, akapangwa katika kamati iliyoshughulikia maeneo ya udhamini. Tanganyika na Ruanda-Urundi zilikuwa bado miongoni mwa maeneo hayo. Katika mjadala kuhusu Cameroon alilazimika kusoma msimamo wa serikali yake uliokwenda kinyume na matakwa ya wajumbe wengi wa Afrika na Asia, wala hakuficha kwamba alikuwa akitekeleza maagizo. Hapo tena alitumia nafsi ya wingi, lakini wingi huo haukuwa wake. Mwaka 1939 alichagua mwenyewe neno lililomwakilisha pamoja na watu wake. Mwaka 1958 alikabidhiwa maneno yaliyoandikwa na wengine. Tofauti kati ya sauti inayojitolea na sauti inayoazimwa haijawahi kuwa wazi zaidi katika maisha yake.

Machweo

Mwezi Agosti 1963 alisimama tena kwenye ngazi za Lincoln, akaimba katika maandamano makubwa ambamo Martin Luther King Jr. alihutubia. Ziara yake ya kuaga ilianza tarehe 24 Oktoba 1964 katika Constitution Hall, ukumbi uliowahi kumkataa, na kukamilika katika ukumbi wa Carnegie Hall tarehe 18 Aprili 1965, siku ambayo nayo ilikuwa Pasaka. Alifariki tarehe 8 Aprili 1993 mjini Portland, Oregon, akiwa na umri wa miaka 96. Alikuwa akiishi kwa mwana wa dada yake, James DePreist, aliyekuwa kiongozi wa okestra. Ilibaki siku moja tu itimie miaka 54 tangu onyesho la Washington.

Filamu zaidi zimetengenezwa juu yake, zikiwemo mbili zilizotolewa mwaka 2021 na 2022, na zote hurudi kwenye ngazi zile. Ni haki zirudi huko. Lakini anayetaka kumjua Marian Anderson hana budi kuzitazama filamu hizo pamoja na kuyasikiliza masaa mengi ya santuri zake, ambamo mwanamke mmoja anatafuta matamshi sahihi ya neno moja la Schubert. Kamera ilituhifadhia wingi aliouwakilisha. Umoja wake, yaani kazi ya mtu binafsi aliyejifunza, akashindwa na akarudi kujifunza upya, umo katika sauti yenyewe. Kwa wale wanaobeba kamera kwenda kuwarekodi malenga na manju wa kwetu, hilo si funzo dogo: fanani akigeuzwa kuwa alama tupu, hadhira ya kesho itamheshimu bila kumsikia.