Aldo Leopold: Mwindaji Aliyeilinda Ardhi

Katika toleo hili nataka kuwasimulia wasomaji habari za maisha ya Bwana Aldo Leopold wa Marekani, aliyefariki mwaka 1948. Nimemchagua yeye kwa sababu alikuwa mwindaji tangu utoto wake hata uzee, na juu ya hayo akawa mwalimu mkuu wa watu wake katika kuwatunza wanyama wa porini. Watu wengi hudhani mambo hayo mawili hayapatani, kama moto na maji. Maisha ya bwana huyu yaonyesha jinsi yanavyoweza kupatana, na taabu aliyopata hata akalijua jambo hilo.

Alizaliwa tarehe 11 Januari 1887 katika mji wa Burlington, Iowa, kando ya mto Mississippi. Baba yake, Mzee Carl Leopold, alikuwa na kiwanda cha kutengeneza meza za kuandikia, naye alipenda mno kuwinda. Siku zile sheria za uwindaji zilikuwa chache. Watu waliwapiga bata wa mwitu hata katika majira ya kuchipua, ndege wanaporudi kaskazini kutaga mayai. Mzee Carl aliona ya kuwa bata wanapungua, basi akaacha mwenyewe kuwinda katika majira hayo, kabla serikali haijakataza. Mwanawe aliyaona hayo akayaweka moyoni. Nadhani hilo ndilo somo lake la kwanza, nalo ni gumu kuliko masomo yote ya shule: kujizuia mahali ambapo hapana askari wa kukuzuia.

Mwaka 1909 Aldo alimaliza masomo ya misitu katika Chuo Kikuu cha Yale, akaajiriwa na Idara ya Misitu ya Marekani, iliyokuwa imeanzishwa mwaka 1905 tu. Kazi yake ni ile ambayo wazee wetu waliita kazi ya Bwana Miti. Alipelekwa Arizona, kwenye msitu wa serikali uitwao Apache, nchi ya milima na makorongo, ambako wenye ranchi walilisha ng'ombe na kondoo wao kwa kibali cha Idara. Kijana huyu akanunua farasi, akazunguka milimani akihesabu na kupima miti.

Wenye ranchi walikuwa na adui mkubwa, naye ni mbwa-mwitu. Huyu si mbwa-mwitu wetu mwenye mabaka, bali ni mnyama mkubwa zaidi, wa rangi ya kijivu, aendaye kwa makundi na kuua kulungu, hata na ndama wa ng'ombe. Na kulungu ninaowasema ni wa huko, ambao madume yao yana pembe zenye matawi. Pembe hizo huanguka kila mwaka zikaota nyingine. Hesabu ya wenye ranchi na ya wawindaji ilikuwa rahisi. Mbwa-mwitu wakipungua, kulungu wataongezeka. Na wakiisha kabisa, nchi itakuwa pepo ya wawindaji. Aldo naye aliikubali hesabu hiyo.

Hata siku moja, katika mwezi wa Septemba 1909, yeye na wenzake walikuwa wameketi juu ya genge wakila chakula cha mchana, wakaona mnyama akivuka mto chini yao. Kwanza walimdhania kulungu, kumbe ni mbwa-mwitu jike, na watoto wake waliokwisha kukua wakatoka vichakani kumlaki kwa furaha. Papo hapo bunduki zikalia. Walipokwisha kupiga waliteremka mbio, wakamkuta yule mama hajakata roho, na macho yake yangali yanawaka. Aldo akasimama akayatazama mpaka yakazimika.

Msomaji atadhani kwamba siku ile alitubu. La, hakutubu. Kwa miaka zaidi ya 10 baada ya hapo aliendelea kuwashauri wawindaji na wafugaji wa New Mexico waungane, wawaue mbwa-mwitu na puma hata yule wa mwisho. Mimi ni mtoto wa mfugaji, na usiku mwingi nimelala nikiwasikia fisi wakizunguka zizi letu. Kwa hiyo siwezi kuwalaumu watu wale kwa hasira yao. Lakini hasira ni jambo moja, na hesabu ni jambo lingine. Hesabu yao ndiyo iliyokuwa na kasoro.

Mwaka 1912 alimwoa Bibi Estella Bergere wa Santa Fe, binti wa jamaa maarufu ya wafugaji wa kondoo. Mwaka uliofuata alikwenda mbali kwa farasi ili kuamua ugomvi wa wenye kondoo juu ya malisho. Njiani alinyeshewa na mvua ya mawe, akalala ndani ya matandiko yaliyolowa, akarudi nyumbani amevimba mwili wote. Mafigo yake yalikuwa yameharibika, naye nusura afe. Alipumzika zaidi ya mwaka mzima kabla ya kuweza kufanya kazi tena.

Alipopona alizidi kuikagua misitu na malisho, na kila alikokwenda aliona ardhi imejeruhiwa. Katika bonde la mto Blue, Arizona, ng'ombe walikuwa wengi kupita nyasi zilizokuwapo. Nyasi zilipokwisha, mvua ikashuka milimani bila kizuizi, mto ukafurika, na mashamba mazuri yaliyokuwa kando yake yakachukuliwa na maji. Wenyewe wakahama.

Msiba wa pili ulitokea Kaibab, uwanda wa juu ulio kaskazini ya bonde kuu la Grand Canyon. Mwaka 1906 Rais Theodore Roosevelt aliufanya kuwa hifadhi ya wanyama. Watu wakakatazwa kuwinda kulungu, na watumishi wa serikali wakawaua puma na wanyama wengine wala nyama kwa mamia. Mwanzoni kulungu walikuwa maelfu machache. Wakaongezeka, wakazidi kuongezeka, wakala majani, wakala machipukizi, wakala matawi yote mpaka pale shingo zao zilipoweza kufika. Katika majira ya baridi ya kuanzia mwaka 1924 wakafa kwa njaa maelfu kwa maelfu. Basi Leopold akaanza kuona, polepole, kwamba ng'ombe kupita malisho na kulungu kupita malisho ni msiba mmoja. Yule mbwa-mwitu aliyeitwa mwizi ndiye aliyekuwa akiulinda mlima usiliwe na kulungu.

Mwaka huo huo wa 1924 alihamia Madison, Wisconsin. Mwaka 1933 alitoa kitabu kikubwa juu ya utunzaji wa wanyama wa kuwindwa, na Chuo Kikuu cha Wisconsin kikamfanya profesa wa somo hilo, ambalo halikuwa na profesa mwingine katika Marekani nzima. Lakini hakukaa darasani tu. Katika nchi ile mashamba mengi yana wenyewe, na Leopold alijua kwamba mnyama hasomi hati ya shamba: hula kwa huyu, hulala kwa yule, na akiharibiwa makao yake kwa mmoja hupotea kwa wote. Kwa hiyo, mwaka 1931, alisaidia kuanzisha ushirika mahali paitwapo Riley, karibu na Madison. Wakulima walikuwa wamechoshwa na wageni walioingia mashambani mwao kuwinda bila ruhusa, na watu wa mjini walikuwa hawana mahali pa kuwinda. Wakapatana. Wakulima wakatoa ardhi na ulinzi, watu wa mjini wakatoa fedha na kazi. Wakaacha vichaka vya ndege kujificha, wakaweka nafaka wakati wa theluji, na wakawinda kwa kiasi. Hakuna aliyelazimishwa.

Mwaka 1935 alikwenda Ujerumani kuitazama misitu ya huko. Aliikuta miti imepandwa kwa safu kama askari wa gwaride, na kulungu tele waliolishwa kwa mkono wakati wa baridi. Walakini chini ya miti palikuwa patupu, maana kulungu walikuwa wamekwisha kula kila jani. Alirudi akiwa amejifunza kwamba msitu waweza kuwa na miti mingi na wanyama wengi, na hata hivyo usiwe mzima.

Mwaka huo huo wa 1935 alinunua shamba lake mwenyewe katika wilaya ya Sauk, kando ya mto Wisconsin. Lilikuwa shamba lililochoka, mchanga mtupu. Nyumba ilikuwa imeungua, limebaki banda la kuku lililojaa mbolea. Yeye, Bibi Estella na watoto wao watano wakalisafisha banda lile, wakaligeuza kuwa makao ya siku za mapumziko. Kila mwaka wakati wa kuchipua walipanda misonobari kwa maelfu. Ile waliyopanda mwaka 1936 karibu yote ilikufa kwa ukame. Wakapanda tena. Hakungojea msaada wa mtu. Alitaka kujua kwa mikono yake kazi anayowaambia wenzake waifanye.

Jaribu lake kubwa lilikuja uzeeni. Kulungu wa Wisconsin walikuwa wamezidi, na katika baridi walikutwa wamekufa kwa njaa ndani ya misitu. Leopold, aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya kulichunguza jambo hilo, alishauri kwamba mbwa-mwitu wakiwa wamebaki wachache, ni wajibu wa mwindaji kuifanya kazi yao, yaani kupunguza hata majike na wachanga, si madume yenye pembe peke yake. Mwaka 1943 ruhusa ikatolewa, na kulungu zaidi ya 120,000 wakauawa katika msimu ule. Watu wakakasirika mno. Walianzisha hata gazeti dogo la kumpinga, wakamwita adui wa kulungu, yeye aliyewapenda maisha yake yote. Hakurudisha matusi. Aliendelea kueleza, na kuhesabu, na kueleza tena. Wahenga wetu walisema kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye. Naona methali hii yawafaa sana wale waliowahurumia kulungu wa leo, wakawaacha wa kesho wafe njaa.

Katikati ya ugomvi huo, mwaka 1944, aliketi akaandika habari za yule mbwa-mwitu wa mwaka 1909. Ilikuwa imepita miaka 35. Aliungama mbele ya watu wote kwamba alipokuwa kijana alikosea, na kwamba mlima ulijua jambo ambalo yeye hakulijua. Profesa mwenye sifa kama yeye angeweza kunyamaza, na hapana ambaye angemwuliza.

Tena aliandika juu ya wajibu wa mwenye ardhi. Alikuwa ameona jinsi serikali ilivyowapa wakulima msaada ili kuzuia mmomonyoko, nao msaada ulipokoma wakashika yale tu yaliyowaletea faida upesi, mengine wakayaacha. Kwa hiyo alifundisha kwamba sheria na fedha hazitoshi. Mtu hana budi kujiona kuwa mmoja katika jamii ya udongo, maji, mimea na wanyama, si bwana wao, na kuona haya kuiharibu ardhi yake kama aonavyo haya kumdhulumu jirani.

Tarehe 14 Aprili 1948 alipata habari kwamba kitabu chake kimekubaliwa kupigwa chapa. Siku 7 baadaye, tarehe 21 Aprili, akiwa shambani, aliona moshi ukitoka kwa jirani. Alichukua ndoo na vifaa vya kuzimia, akaenda pamoja na mkewe na binti yao mdogo. Moyo wake ulisimama pale pale nyasini akipambana na moto ule. Alikuwa na umri wa miaka 61.

Kitabu kile, A Sand County Almanac, kilitoka mwaka 1949, na tangu hapo nakala zaidi ya milioni mbili zimenunuliwa. Watatu kati ya watoto wake wakawa wataalamu mashuhuri wa sayansi. Misonobari yao imekuwa msitu, na lile banda la kuku limehifadhiwa kama mahali pa kumbukumbu ya taifa. Na mwaka 1998 serikali ya Marekani iliwarudisha mbwa-mwitu katika msitu wa Apache, msitu ule ule alimofyatua bunduki yake. Hata hivi leo wenye ranchi wa huko wangali wanagombana na serikali juu ya ndama wanaoliwa, maana kazi hii haikuwa rahisi wakati wake wala si rahisi sasa.

Wanafunzi wenzangu, wengi wetu tutarithi ardhi siku moja, mwingine eka mbili, mwingine zizi la ng'ombe. Nanyi wazazi wetu mmeishika sasa kwa ajili yetu. Bwana Leopold hakutuachia amri ya kuua wala ya kutoua. Ametuachia swali la kujiuliza kabla ya kuinua bunduki, au panga, au kiberiti: nchi hii itakuwaje nitakapokuwa nimeondoka? Anayejiuliza hivyo kila mwaka, na kulijibu kwa jembe lake, huyo ndiye mwenye ardhi kweli.