Robert Hooke: Mtu wa Seli na Springi

Wanafunzi wenzangu, kila aliyewahi kuning'iniza uzito kwenye springi maabarani analijua jina la Hooke. Lakini je, ni wangapi wanaojua kwamba ni huyo huyo aliyetupa neno seli tunalolikariri katika Biolojia?

Robert Hooke alizaliwa mwaka wa 1635 katika kisiwa cha Wight, Uingereza. Baba yake, aliyekuwa kasisi, alifariki Hooke akiwa na miaka 13 tu. Alisoma London, kisha Oxford, ambako alimsaidia Robert Boyle kuunda pampu ya hewa. Mnamo 1662 chama cha wanasayansi, Royal Society, kikampa kazi ya kuonyesha majaribio mikutanoni.

Mwaka wa 1665 alichapisha kitabu Micrographia. Humo alieleza jinsi alivyokata kipande chembamba cha gome linalotengenezewa vizibo vya chupa, akakitazama kwa hadubini, akaona vijumba vitupu vimepangana kama sega la nyuki. Akaviita seli, yaani vyumba vidogo. Alipopiga hesabu alipata zaidi ya milioni 1,200 katika inchi moja ya ujazo!

Mwaka wa 1678 akaeleza kanuni yake: ukiivuta springi kwa kani maradufu, nayo hurefuka maradufu, mradi usipite kiwango chake.

Lakini Hooke alikuwa mtu wa kugombana. Alibishana na Isaac Newton kuhusu mwanga, na mwaka wa 1686 akadai kwamba Newton alipata kwake wazo kuhusu nguvu za uvutano. Newton akakataa katakata. Hooke alifariki Machi 1703, na mwaka huo huo Newton akawa rais wa Royal Society. Hadi leo hakuna picha ya Hooke ambayo wataalamu wote wanakubali ni yake.

Vijumba vyake vilikuwa vya gome lililokufa. Wahandisi wa tiba wa siku hizi huzivuta na kuziminya seli zilizo hai. Mwaka wa 2006, huko Marekani, watafiti waliripoti kwamba seli shina zikikaa juu ya jeli laini kama ubongo huelekea kuwa za neva. Ikiwa ngumu kiasi, za msuli. Ikiwa ngumu zaidi, za mfupa. Kumbe seli na springi ni somo moja!

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Picha yake hatuna, lakini kazi yake tunayo katika madaftari mawili.